Kiungo cha mikono ya gari kinagonga: nikichomelee?

«Fundi, assalaamu alaykum. Niko Pemba, nje kidogo ya Chake. Kwa miaka saba nina gari la punda la tairi mbili, nabebea mchanga na matofali. Mwaka huu nimenunua gari dogo la farasi la magurudumu manne, lilikuja ndani ya kontena la mitumba. Nataka nilitumie kwenye harusi, na sikukuu nipakie watoto kule kwenye viwanja vya Tibirinzi. Punda wangu mkubwa analivuta bila taabu. Tatizo ni pale ile miti miwili ya mbele, mikono, inaposhikana na ekseli. Kila upande pana chuma chenye masikio mawili, mkono umeingia katikati yake na bolti imepita. Njia nzima panagonga ko-ko-ko. Juzi nikiteremka mlima bolti ya kushoto ikachomoka, mkono ukaanguka chini, punda akaruka. Alhamdulillahi hatukuwa na abiria. Fundi wa kuchomelea ananiambia tuuchomelee mkono na ekseli viwe kitu kimoja, kama gari langu la zamani. Jirani anasema nitie kipande cha nondo badala ya bolti, nikunje ncha. Mimi naona la kuchomelea lina akili, maana gari langu la tairi mbili halina kiungo chochote pale na halijanisumbua hata siku moja. Unasemaje?»

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Pole kwa mshituko, na punda naye mpe pole yake. Nikujibu kwanza lile la haraka: usichomelee, usitie nondo, na gari hilo usilifunge tena kwa punda mpaka kiungo kiwe kimetengenezwa. Mengine tuyazungumze kwa kituo.

Hoja yako ya gari la zamani si ya kipuuzi. Gari la tairi mbili kweli halina kiungo, mikono yake imeshikana na kitanda moja kwa moja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kosa ni kudhani kwamba lililo sawa kwa gari lile ni sawa kwa hili. Hebu yatazame yote mawili jioni ukishamfungua punda. Lile la tairi mbili likiachwa peke yake linainama mbele kama linasujudu, mikono inagusa ardhi. Hili la manne linasimama vile vile lilivyo, kitanda kimekaa sawa, na mikono peke yake ndiyo inayolala chini. Tofauti hiyo uliyokuwa ukiiona kila siku ndiyo jibu lenyewe.

Gari la tairi mbili limekaa juu ya ekseli moja mfano wa pembea ya watoto. Linalolizuia lisiinamie mbele wala nyuma ni mikono, na mikono inazuiwa na punda: kitandiko cha mgongoni kinaibeba isishuke, mkanda wa tumboni unaizuia isipae. Ukilitia bawaba pale mikono inapoanzia, kitanda kitapinduka na mchanga wote utamwagika. Kwa hiyo asije mtu akakushawishi, baada ya kusoma haya, ukalitie bolti gari lako la zamani. Liache kama lilivyo.

Gari la magurudumu manne halimtegemei punda kusimama. Magurudumu ya mbele yanajibeba, ya nyuma yanajibeba. Mikono hapa imebakiwa na kazi mbili tu. Ya kwanza ni kuongoza: punda akienda kushoto, mikono inasukuma ekseli ya mbele nayo igeuke kushoto juu ya ile sahani ya chuma iliyo chini ya kitanda. Ya pili ni kuzuia: mnapoteremka, gari linataka kumpanda punda mgongoni, na mikono ndiyo inayolirudisha nyuma kupitia mkanda unaopita matakoni mwake. Kubeba uzito wa gari si kazi yake kabisa.

Sasa barabara zetu unazijua. Gurudumu linaingia shimoni, punda yuko juu. Punda anapanda tuta, gari bado liko chini. Mikono inatakiwa ipande na ishuke kwa uhuru kila mmoja afuate ardhi yake, lakini isiende kushoto na kulia, maana ikicheza upande huo uongozi wote umepotea. Kupanda na kushuka ruhusa, kwenda pembeni marufuku. Ndiyo maana bolti imelazwa kufuata ekseli, kutoka kushoto kwenda kulia, na jicho la mkono, yaani chuma cha mwisho wake chenye tundu la bolti, limebanwa katikati ya masikio mawili. Ni bawaba, basi. Au ukipenda, ni mlango wa Mji Mkongwe uliolazwa ubavu: milango ile mikubwa ya kale haina bawaba za chuma, ina ncha ya mti juu na chini iliyoingia kwenye tundu, na ubao mzito namna ile unazunguka kwenye ncha mbili tu. Tundu likilika, mlango unaburura. Gari lako limefika hapo.

Ukichomelea itakuwaje? Chukua futi upime mwenyewe, lakini mimi nitapiga hesabu kwa vipimo vya gari dogo la kawaida. Tuseme kutoka ekseli ya nyuma mpaka ya mbele ni mita 1.2, na mikono inatoka mbele ya ekseli kwa mita 1.8. Magurudumu ya mbele yakiingia kwenye shimo la sentimita 10, gari zima linainama likizungukia ekseli ya nyuma. Ncha ya mkono iko mita 3 kutoka hapo, yaani mara mbili na nusu ya umbali wa magurudumu ya mbele. Shimo la sentimita 10 limegeuka kuwa kishindo cha sentimita 25 kwenye mgongo wa punda, na nyuma ya kishindo hicho upo uzito wa gari pamoja na abiria wako. Ya nyuma yakiingia shimoni, mikono inaruka juu na mkanda wa tumbo unamnyanyua. Mashimo ishirini ya namna hiyo, punda atakataa kazi, naye atakuwa na haki. Asipokataa yeye, mti utakatika, na utakatikia pale pale ulipochomelewa, kwa sababu hapo ndipo pasipopinda.

Kuna jambo la pili kuhusu kuchomelea ambalo fundi wako pengine hakulifikiria. Vyuma vya viungo vya gari za namna hii, hasa vya zamani, vingine vilimiminwa kwenye kalibu, havikufuliwa. Chuma cha kumiminwa hakipendi moto wa kuchomelea. Kinashika, unakiona kizuri, kisha kinapasuka pembeni ya mshono kama kigae. Jaribio lake ni jepesi: toboa kidogo kwa keekee mahali pasipo na kazi. Kikitoa nyuzi ndefu za kujikunja, ni chuma laini, kinachomeleka. Kikitoa vumbi na chenga fupi, usimruhusu mtu akisogelee na umeme. Na hata kikiwa chuma laini, huwezi kukichoma wakati mti bado uko ndani ya kikombe chake, yaani pale chuma kinapoushika. Mti unaungua kwa ndani usikoona, unabaki mkaa mwembamba, na baada ya mwezi mkono unacheza ndani ya chuma.

Haya, nondo. Hapa nina ushahidi wa mwilini. Nikiwa kijana tulijitengenezea gari la ng'ombe la tairi nne kwa ekseli mbili za gari bovu, tukipakia nazi. Bolti ilipopotea nikatia nondo ya milimita 12, nikakunja ncha, nikajiona fundi. Nondo ina mbavu. Kila jicho linapopanda na kushuka, mbavu zile zinasugua tundu mithili ya tupa. Sikupima, sikutazama, kelele niliizoea. Siku moja kwenye mteremko ncha iliyokunjwa ilinyooka, kipini kikatoka, mti ukachimba ardhi na gari likapinda njiani. Nazi zilifika bondeni kabla yetu. Tulipookota vyuma, tundu lililokuwa duara lilikuwa limekuwa yai, kidole changu kidogo kinaingia pembeni ya nondo. Ng'ombe hakuumia. Mimi nilisikia maneno ya mzee wangu mpaka Idi ya pili yake.

Turudi kwako. Umesema bolti ilichomoka, hukusema ilikatika. Hilo ni muhimu sana. Watu wakisikia bolti imetoka hukimbilia kutafuta bolti nene zaidi. Unene haukuwa tatizo. Fikiri mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo: gari na abiria wa kilo 350 jumla linasukuma mbele kwa nguvu kama ya kilo 35, chini ya mfuko mmoja wa saruji, na hizo zinagawanywa kwa bolti mbili. Bolti ya nusu inchi haioni hata haya kwa mzigo huo. Inayoiua ni kugongwa na kufunguka.

Kugonga kunatoka wapi? Sikiliza ile ko-ko-ko yako inakuja lini. Punda akivuta, jicho linaegemea upande mmoja wa bolti. Akipunguza mwendo, gari linamsukuma, na jicho linarukia upande wa pili. Kila hatua ya punda ina kuvuta kidogo na kulegea kidogo, kwa hiyo kama tundu ni kubwa kuliko bolti, kila hatua ni nyundo. Nyundo inapanua tundu, tundu likipanuka nyundo inapata nafasi ya kujitupa zaidi, na ndiyo maana kelele iliyokuwa ndogo mwezi wa kwanza inakuwa kubwa mwezi wa pili.

Nami nahisi najua ulikoanzia ulegevu wako. Gari limekuja kutoka nje, na ikiwa ni la Uingereza au Marekani, tundu lake huenda lilitobolewa kwa nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ukienda dukani kwetu ukaomba bolti ya nusu, mara nyingi utapewa ya milimita 12, kwa sababu kwa macho ni moja. Hiyo milimita 0.7 inayobaki ni ndogo kwenye fremu ya kitanda inayokazwa ikatulia. Kwenye kiungo kinachocheza mchana kutwa ni mlango wazi. Nenda na kipimo cha fundi, ile koleo yenye mistari, pima bolti, kisha pima tundu kwa urefu na kwa upana. Upana na urefu vikitofautiana, tundu limeshakuwa yai na bolti mpya peke yake haitasaidia.

Kufunguka nako kuna sababu yake. Kwenye kiungo kisichocheza nati unaikaza kwa nguvu zako zote ikashika kwa kubanwa. Hapa huwezi, maana ukikaza sana masikio yanaminya jicho na mkono haupandi wala haushuki. Lazima uache nafasi ya kupumua, na nati isiyobanwa inasokotwa kidogo kidogo na jicho linalocheza, nywele moja kila hatua, mpaka inaanguka njiani na hakuna aliyeisikia. Washa ya springi, kile kiduara cha chuma kinachotiwa chini ya nati, haifui dafu hapa kwa sababu hiyo hiyo: inataka kubanwa ndipo ifanye kazi. Nati ya kiungo hiki inashikwa kwa pini. Ile nati yenye meno juu kama taji, bolti yenye kitundu karibu na ncha, pini yenye miguu miwili inapita kwenye kitundu na miguu inakunjwa huku na huku. Umeiona kwenye ekseli za gari na pikipiki. Hata nati ikitaka kuzunguka, haina pa kwenda. Nati yenye duara la plastiki ndani nayo inafaa kwa muda, lakini ukiifungua na kuifunga mara kadhaa plastiki inalainika, basi itupe utie nyingine.

Sasa ufanye nini. Kwa tundu ambalo bado ni duara, utakuwa umebahatika: tafuta bolti ya kipimo chake hasa, yenye shingo laini. Naweka mkazo hapo kwenye shingo laini. Bolti zilizo na uzi kutoka kichwani hadi nchani ni tupa nyingine tu, nyembamba kuliko nondo. Uzi uanze baada ya sikio la nje. Ndani ya jicho na masikio pawe laini tupu. Kichwani iwe imepigwa chapa 8.8, ndiyo inayostahimili kugongwa. Ipite kwa kusukuma na kidole gumba, si kwa nyundo, lakini ukiishika kichwa ukaitikisa isicheze.

Tundu likiwa yai, njia ninayoipenda ni bushi, yaani kibomba kifupi kinachovishwa ndani ya tundu. Fungua vyuma vyote kwenye mti, vipeleke kwa fundi wa mashine ya kukereza, atoboe jicho kubwa liwe duara tena na aingize bushi ya shaba au ya chuma inayoacha tundu la kipimo cha bolti yako. Masikio nayo yatazamwe, kwa kawaida nayo yamelika. Uzuri wa bushi ni kwamba mwaka ujao ikilika unagonga ile ya zamani itoke unatia mpya, na chuma cha gari hakiguswi. Ubaya wake ni kwamba inataka nyama ya kutosha kwenye jicho. Ikiwa baada ya kutoboa itabaki pembeni nyama nyembamba kuliko unene wa kidole chako kidogo, usilazimishe.

Hapo itabidi utengenezewe kiungo kipya, na hapa ndipo fundi wako wa kuchomelea anapoweza kukusaidia kweli. Akate masikio mapya kwenye flati, chuma bapa, ya milimita 10, ayachomelee kwenye bamba la kufungwa kwa yuboti, bolti yenye umbo la U, kwenye ekseli, kazi yote ifanyike mezani, si juu ya gari. Mwambie jambo moja tu alizingatie kuliko urembo wa mshono: matundu ya kushoto na ya kulia yawe kwenye mstari mmoja. Likiwa moja juu kidogo ya jingine, mikono itabana ikipanda, na masikio yatapinda ndani ya wiki. Kupima hakuhitaji mashine. Chukua mshipi wa kuvulia, upitishe kwenye masikio ya kushoto mpaka ya kulia, uvute ukaze. Ukipita katikati ya matundu yote manne bila kugusa ukingo, mmefanya kazi. Ukigusa, rekebisheni kabla ya rangi.

Ipo na njia ya kati, kuziba tundu kwa kuchomelea kisha kutoboa upya. Siikatai kwa chuma laini, nimewahi kuifanya mara nyingi, lakini mahali palipochomelewa panakuwa pagumu, keekee inakimbilia pembeni, na tundu linaishia kuwa la mshazari. Kama fundi wa kukereza yupo ndani ya uwezo wako wa nauli, bushi ni bora.

Kelele itakayobaki baada ya hapo ni ya pembeni, jicho likigonga masikio. Tia washa laini kila upande. Wazee wa Ulaya na Marekani walitumia ngozi. Marekani ya karne ya 19, enzi ambazo magari ya farasi yalikuwa mengi, mafundi walisajili hataza nyingi, yaani hati za kulinda uvumbuzi, za viungo hivi, vingine vya springi, vingine vya kufungua bila spana, na nyingi ya hizo zilikuwa zikipigana na hii hii ko-ko-ko yako. Ngozi iliyoloweshwa mafuta bado inafaa. Mimi siku hizi nakata duara kutoka kibao cha plastiki cha kukatia mboga, kile kinene cheupe. Hakioti kutu, hakiozi, na mama watoto akikitafuta useme hujakiona. Usitumie mpira wa tyubu: grisi inauvimbisha na kuulainisha, ukiuangalia baada ya mwezi umekuwa ugoro.

Grisi tia, lakini kidogo na mara kwa mara. Vumbi likishikana na grisi ya zamani linakuwa msasa. Kila wiki chomoa bolti, futa, tazama, pakaa upya. Na kwa sisi tulio karibu na bahari, hasa upepo wa kusi ukivuma na chumvi, kutu inaingia pale pale ambapo rangi imekwaruzwa na washa. Watu wataniuliza: si nitie bolti ya chuma kisichoshika kutu? Inawezekana, nguvu yake inatosha, lakini uzi wake una tabia ya kung'ang'ania nati ukikosa kutia grisi, na kwenye maji ya chumvi inamharakishia kutu jirani yake wa chuma cha kawaida. Kwa anayekagua kila wiki, bolti ya kawaida iliyopakwa grisi inanitosha mimi.

Hukuniambia punda anavuta kwa kitu gani, nami ningependa kujua. Kwenye gari lako la zamani bila shaka kamba za kifuani umezifunga kwenye mikono yenyewe. Ukifanya hivyo kwenye hili, bolti mbili zinabeba kuvuta na kuzuia vyote pamoja, na ule mgongano wa kwenda na kurudi unakuwa mkubwa zaidi. Tazama mbele ya ekseli, katikati: panatakiwa pawe na kipande cha mti kifupi kinachoning'inia kwa pini moja, kina ndoana kila ncha. Ndicho cha kufungia kamba za kuvutia. Kikiwepo, kitumie. Kikiwa kimepotea safarini, seremala yeyote atakuchongea. Kuvuta kukishapita hapo, viungo vya mikono vinabaki na kuongoza na kuzuia, na umri wake unaongezeka sana. Na mkanda wa matakoni uufunge kwenye mikono, usiache kwa kuwa unateremka polepole. Pemba haina tambarare ya kutosha kufanya mzaha huo. Kama gari lina breki, ijaribu kabla ya kushuka, si katikati ya mlima.

Kitu cha mwisho cha kuongeza ni cha shilingi chache: mkanda wa ngozi, au mnyororo mwepesi, uliozungushwa kwenye ekseli na nyuma ya mkono kila upande, umelegea kiasi cha kuruhusu mkono upande na kushuka. Hauna kazi yoyote siku zote. Siku bolti itakapotoka ndio utakaouzuia mkono usifike chini ukamchoma punda tumboni. Juzi ungekuwa nao, ungesimama, ungetafuta bolti, ungeendelea.

Yapo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Ukiona ufa kwenye ekseli au kwenye yale masikio, au sahani ya kugeukia inacheza ukilitikisa gari kwa mikono miwili, mpelekee fundi alione kwa macho. Gonga kila chuma kwa nyundo ndogo: kilicho kizima kinalia, chenye ufa kinasema tep. Choma mti kwa ncha ya kisu pale unapoingia kwenye kikombe cha chuma. Kisu kikizama bila shida, mti umeoza na bushi ya dhahabu haitauokoa. Na punda mwenyewe: baada ya mkono kuanguka na yeye kuruka, mpapase mabega, mbavu na miguu ya nyuma. Akiwa na uvimbe, kidonda, au anachechemea hata kidogo, muone daktari wa mifugo kabla ya kumfunga tena. Punda hulalamika kwa kuchelewa.

Ukimaliza matengenezo, usianze na watoto. Pakia mifuko ya mchanga uzito wa abiria unaowatarajia, na mtu akutangulie kwa miguu. Kabla ya kuondoka chukua rangi ya kucha, piga mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye sikio, pande zote mbili. Nati uiweke upande wa nje, ambapo utaiona bila kuinama. Tembea tambarare kwanza, kisha kilima kidogo, kisha ule mlima uliokutia aibu. Rudi utazame mistari. Fanya hivyo siku tatu. Siku ya tatu ikiwa mistari bado imenyooka na pini haijafunguka miguu, toa mchanga, watoto wapande.